Mzani wa dhahabu usiachwe mikononi mwa mnunuzi peke yake



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sana wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga, yaani mzani.

Hivi karibuni nilipeleka kipande kimoja cha dhahabu kwa wanunuzi wawili karibu na duara letu ili wanipimie. Wa kwanza alisoma gramu 9.6, wa pili gramu 9.9. Gramu 0.3 ni ndogo kwa macho, lakini ni asilimia 3 ya jasho la wote walioshuka shimoni.

Jambo hili si geni Usukumani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Walijiunga pamoja, marehemu Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika vikaunda muungano wa VFCU. Wazee wale walijua kuwa anayeshika mzani ndiye anayeshika bei.

Hata Taifa limewahi kubishana juu ya kipimo. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia makontena ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitaja wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Kampuni ilikataa hesabu hiyo. Ikiwa wakubwa hubishana hivyo, mchimbaji asiye na mzani wake atajitetea kwa lipi?

Naipongeza Serikali kwa kufungua Soko la Dhahabu la Geita mwezi Machi 2019. Hata hivyo, ninayo mapendekezo matatu.

Kwanza, kila soko na kituo cha ununuzi kiwe na mawe ya kupimia yaliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mwuzaji awe na haki ya kuweka jiwe la gramu 10 juu ya mzani kabla ya kuweka dhahabu yake. Mzani ukisoma pungufu, biashara isimame.

Pili, mzani ukae juu ya meza imara iliyo sawa, ukingwe upepo. Mzani wa dhahabu ni mwepesi kiasi kwamba feni peke yake huweza kuupotosha.

Tatu, usafi wa dhahabu upimwe baada ya kuyeyushwa na kuchanganyika vizuri. Mashine ya miale huona ngozi ya juu tu ya kipande, haioni kilichomo ndani. Stakabadhi nayo ionyeshe uzito na usafi, siyo fedha tu.

Wachimbaji wenzangu, tusione haya kuuliza mzani umehakikiwa lini. Haki ya mnyonge haianzii kwenye bei, huanzia kwenye kipimo.

Mchimbaji Mdogo,
Geita.