Gobole Halina Waranti

Ukinunua simu dukani ikazima baada ya wiki, una pa kuanzia. Una risiti, una karatasi ya waranti, na muuzaji akikuzungusha kuna Tume ya Ushindani. Ukinunua gobole likakupasukia mkononi, unamlalamikia nani? Fundi aliyelitengeneza hana duka wala jina. Jeraha la silaha linataka PF3 kutoka polisi, na kwa mwenye gobole kuifuata fomu hiyo ni kwenda kujikabidhi mwenyewe. Kwa hiyo mtu anafunga kitambaa, anabaki nyumbani na kidonda.

Hapa chuoni gobole likitajwa, linatajwa kama habari ya ujangili, basi. Kwetu Mnero, na vijiji vingi vya Nachingwea na Ruangwa, ni habari ya shamba pia. Mahindi yakianza kubeba, watu wanahamia dungu. Usiku nguruwe pori, mchana nyani, na miaka hii tembo. Debe la kugonga limeshazoeleka, wanyama wanakula huku wakilisikiliza. Si kila anayeshika gobole ni jangili, jamani.

Sasa tuliangalie kama bidhaa. Gobole ni nakala ya bunduki ya kijeshi ya zamani, ya kushindilia baruti mdomoni, ambayo majeshi ya Ulaya yaliachana nayo karne ya 19. Zilipopitwa na wakati zikaletwa kwetu kupitia Zanzibar, pamoja na zile za bei nafuu zilizotengenezwa Birmingham na Liège kwa ajili ya biashara. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukabana bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika, ukaziachia mlango zile za gumegume. Yaani walikaa mezani wakatupangia mitumba.

Lakini hata Birmingham walikuwa na nyumba ya kupimia bunduki, iliyowekwa kwa sheria ya 1813. Mtutu unajazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, unafyatuliwa watu wakiwa mbali, na ukihimili unagongwa muhuri. Muhuri ule ndio waranti.

Gobole la leo linapimwa na mnunuzi, na shavu lake likiwa juu ya kitako. Mtutu mara nyingi ni bomba la maji. Bomba lile lilitengenezwa lihimili presha ya maji. Baruti ikiwaka ndani yake, presha inapanda mara mia na zaidi. Weka hapo mshono wa bomba, kutu ya ndani isiyoonekana, na baruti iliyokisiwa kwa jicho. Leo litalia vizuri, kesho vizuri, keshokutwa linaondoka na vidole. Sisi watu wa Kusini tulishaonja ahadi ya namna hii mwaka 1905, wazee wetu walipoambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Sisemi TBS waanze kugonga mihuri kwenye magobole. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 iko wazi, na mimi sitaki kuyaona kijijini. Ila tangazo la "salimisheni silaha" peke yake ni nusu ya kazi. Mkulima akisalimisha leo, usiku huohuo nguruwe anaingia shambani. Askari wa wanyamapori wafike tembo akiwa bado shambani, kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu mwingine kuanza, na majeruhi atibiwe kwanza, maswali yafuate baadaye. Hapo mtu atakuwa na sababu ya kuliacha.

Na sisi tunaosomea ualimu tutapangiwa shule za hukohuko. Mwalimu wa fizikia akifika mada ya presha, atumie mfano wa bomba na baruti. Mtoto anayelala dungu na baba yake ataushika haraka kuliko ule wa kiatu cha kisigino kirefu.