Inspekta Mwala alituchekesha, sasa tuonyeshwe OB

Kama umekulia Kisii ama Nyamira, ulimjua Inspekta Mwala kabla hujamjua OCS wa kwenu. Sebule moja yenye TV inabeba watoto wa ploti nzima, afande anafoka, mshukiwa anajibu upuzi, nyote mnacheka hadi uji unamwagika. Davis Mwabili, anayemwigiza, hata hakuanzia Citizen. Wazazi wetu walimzoea kwenye Vioja Mahakamani ya KBC. Hesabu basi: vizazi viwili vimejifunza mambo ya polisi na korti kupitia kicheko.

Simlaumu Mwala, jo. Ukiishi na karao wa kuogopwa, kumcheka ni dawa.

Lakini angalia Waingereza. Walikuwa na The Bill kwenye ITV kuanzia 1984 hadi 2010, hadithi za Sun Hill, kituo cha kubuni London. Kwa miaka mingi kamera haikuenda mahali polisi hayupo. Huonyeshwi mwizi akipanga njama. Unajua kile askari anajua, basi. Ndiyo, ukitembea na mtu muda huo wote utaishia kumhurumia, na hilo ni tatizo lake. Ila mtazamaji alimwona pia sajini wa seli akimsomea mshukiwa haki zake na kuandika kila kitu. Ukiona hivyo wiki baada ya wiki, siku ukikamatwa wewe unajua ni hatua gani imerukwa.

Mimi sikujua. Usiku mmoja nilibebwa karibu na steji ya boda, nikalala ndani kwenye kituo ambacho sitakitaja. Unajua nilifanya nini? Niliigiza. "Afande nisaidie, mimi ni mtoto wako," sauti nyembamba kabisa, kama mshukiwa wa kwenye kipindi. Asubuhi nikatoa pesa, hakuna risiti, hakuna aliyeniambia kosa langu. Baadaye ndipo niliposoma Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: uambiwe mara moja kwa nini umekamatwa, tena kwa lugha unayoelewa, unaweza kunyamaza, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya korti, ni siku ya korti inayofuata. Na bondi ya polisi ni bure. Hayo yote sikuwahi kuyaona kwenye TV yoyote.

Halafu kuna mambo ambayo kicheko hakiwezi kubeba. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa huko Marani kwa madai ya uchawi. Ningetaka kuona usiku kama huo kutoka ndani ya kituo: nani amepokea simu, gari liko wapi, nani anaenda kuongea na familia kesho yake, na kijana aliyekuwa kwenye umati anaandikisha taarifa gani. Hiyo huwezi kuipa Mwala.

Utaniambia tayari tuna Crime and Justice, ya 2021, yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua. Ni nzuri, na si ya kuchekesha. Lakini ni ya Nairobi, na ilikuja kwa Showmax, ya kulipia. Mama anayeuza ndizi Daraja Mbili hana habari nayo.

Kwa hivyo nyinyi wenye kamera za kukodisha, mnaoshuti harusi na video za ohangla kila Jumamosi, anzieni Keroka. Mji umekaa mpakani, huku Kisii, kule Nyamira. Pikipiki imeibwa upande mmoja, imeuzwa upande mwingine, mwenyewe ametumwa kituo hiki, akarudishwa kile, na bado hana namba ya OB. Hapo una vipindi vitatu kabla hata hujamtafuta mwizi.