Hina haiwi nyeusi: tujihadhari na piko

UKIONA hina nyeusi tititi, iliyokolea kwa muda usiotimia hata saa moja, elewa kwamba hapo hakuna hina. Hiyo ni rangi ya kutia nywele iliyobandikwa jina la hina. Hilo ndilo neno langu la leo, na ningependa liwafikie wakazi wa Kisiwa cha Mombasa, hasa wale wa Mji wa Kale, kabla harusi nyingine haijachezwa na kabla Idd nyingine haijaingia.

Hapa kwetu, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, harusi isiyo na hina huonekana haijakamilika. Bi harusi hupambwa mikono na miguu, mashoga na mawifi nao hupata sehemu yao, na watoto wa kike hung'ang'ania wapakwe japo viganja. Ni mila nzuri na sina nia ya kuivunja. Lakini siku hizi wengi hutaka maua ya rangi mbili, nyekundu ya hina na nyeusi ya piko, na wengine huitaka nyeusi peke yake. Hapo ndipo shida ilipo.

Hina na piko ni vitu viwili

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake hukorogwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, ukaachwa saa kadhaa utoe rangi, kisha ukapakwa na kuachwa mwilini kwa saa nyingi, mara nyingine usiku kucha. Rangi yake huanza kama chungwa, na baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa nyekundu ya udongo au kahawia. Mti huu hautoi rangi nyeusi, hata ukorogewe nini.

Piko ni jambo jingine. Weusi wake hutokana na kemikali ya viwandani iitwayo parafenilini-diamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Kemikali hii hutumika katika rangi za nywele duniani kote. Kwa kawaida, rangi hizo hukaa kichwani muda mfupi kisha zikaoshwa, na kwenye pakiti huwa pameandikwa maonyo. Mpakaji wa piko huikoroga rangi hiyo kwa maji, akaichora juu ya ngozi na kuiacha ikauke papo hapo. Kazi hiyo siyo iliyokusudiwa na waliotengeneza rangi hiyo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria hairuhusu PPD izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapotumika kichwani, na hairuhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Sasa linganisha na haya: mwaka 2010 watafiti wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo watu wetu wengi huenda na kurudi na zawadi za hina, walitoa matokeo ya uchunguzi wa hina nyeusi zilizokuwa zikitumika huko. Walikuta PPD katika kila sampuli ya hina nyeusi waliyoipima, na baadhi zilikuwa na kiasi kinachokaribia asilimia 30.

"Mbona mimi haijanidhuru?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi. Mama atakwambia, "Daktari, mimi nimepaka piko tangu usichana wangu na sijaona lolote." Nami humjibu kwamba anasema kweli, ila kweli yake ni ya hadi leo tu.

PPD haiunguzi kama maji moto, ambayo humuunguza kila anayeyagusa. Dhara lake hupitia kinga ya mwili. Mara ya kwanza kemikali inapoingia kwenye ngozi, mara nyingi huoni kitu. Lakini kwa baadhi ya watu, katika siku zinazofuata, mwili huwa unajifunza kuitambua kemikali hiyo kama adui. Inaporudi mara ya pili, au ya tano, au ya kumi, mwili hupigana nayo, na uwanja wa vita ni ngozi yako. Mwasho huanza baada ya siku moja hadi tatu. Ngozi huvimba, ikawa nyekundu, kisha hutoka malengelenge yanayofuata maua yaleyale yaliyochorwa, jani kwa jani. Yakipona huweza kuacha alama nyeupe au nyeusi, na kwa wengine kovu la kudumu.

Hebu fikiria hesabu hiyo kwa bi harusi. Amepakwa piko Jumatano, na ifikapo Ijumaa au Jumamosi, siku ya kutazamwa na watu, mikono imevimba na inatoka maji.

Hasara haiishii hapo. Mwili ukishaijua PPD hausahau. Binti aliyepakwa akiwa na miaka minane anaweza kufika umri wa kuficha mvi, akatia rangi ya kawaida ya nywele, na uso wote ukavimba hadi macho yakafumba. Wengine huweza kudhuriwa na dawa fulani za ganzi, na hata na rangi za baadhi ya nguo. Ndiyo maana mwaka 2006 chama cha wataalamu wa maradhi hayo ya ngozi huko Marekani kiliichagua PPD kuwa kizio cha mwaka.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watoto wawe mbali

Nina maonyo mawili kwa wazazi. La kwanza, unga wa piko ni sumu kali ukimezwa. Madaktari wa Sudan wamekuwa wakieleza tangu miaka ya 1980 jinsi PPD inavyovimbisha uso, ulimi na koo hadi mtu akashindwa kupumua, kisha ikaharibu figo. Usiuweke unga huo kwenye kikombe au chupa ya soda, wala usiuache juu ya meza ya mapambo. Mtoto akiumeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali papo hapo na ubebe pakiti yake.

La pili linahusu hata hina ya kweli. Wako watoto, hasa wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Hali hii hurithiwa na si jambo geni Pwani, kwa kuwa ni mojawapo ya alama ambazo malaria imeziacha katika damu yetu. Kwa mtoto wa namna hii, hina iliyopakwa mwilini huweza kupenya na kuvunjavunja chembe nyekundu za damu. Dalili zake ni kupauka, macho kuwa manjano na mkojo mweusi kama chai kavu. Vidonge vya naftalini tunavyoweka kwenye masanduku ya nguo huleta dhara hilohilo. Kwa hivyo, kitoto kichanga kisipakwe hina ya aina yoyote, na nguo zake zisiwekwe naftalini.

Mnunuzi afanye nini

Kwanza, uliza. Muulize mpakaji, "Hiki umekichanganya na nini?" na umwombe akuonyeshe pakiti. Ukiona herufi PPD, au jina refu linaloishia na "phenylenediamine", usikubali kupakwa. Pakiti isiyoonyesha vilivyomo wala mtengenezaji, irudishe dukani.

Pili, tumia saa yako. Ukiambiwa rangi itakolea kwa nusu saa na itakuwa nyeusi, hiyo si hina. Tatu, jihadhari na hina iliyotiwa tapentaini au petroli ili ikolee haraka, maana hizo nazo huunguza ngozi.

Nne, ikiwa umeshapakwa na unaanza kuwashwa, osha kwa maji mengi na sabuni. Usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno, na usikimbilie mirija ya krimu kali inayouzwa bila cheti cha daktari. Nenda zahanati. Ukivimba uso au ukipumua kwa shida, nenda hospitali bila kungoja kuche. Na ukishadhuriwa mara moja, mweleze kila daktari na kila msusi utakayekutana naye maishani.

Tusimwonee mpakaji

Najua wako watakaosema wapakaji piko wakamatwe. Mimi sikubaliani nao. Wengi wao ni kina mama na mabinti wanaolea watoto kwa kalamu hiyo, na wao ndio huigusa piko kila siku, mikono yao ikipasuka kabla ya yetu. Wanapaka piko kwa sababu sisi wateja tunaitaka. Tunafika saa za mwisho, tuko watu kumi, tunataka maua yakolee kabla ya magharibi, na tunataka bei ya chini. Hina ya kweli inataka muda, na muda wa mpakaji unastahili kulipwa. Anayetaka usalama aje mapema, akae, alipe.

Wa kuulizwa kwanza ni aingizaye na auzaye bidhaa isiyo na maelezo. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora, maelezo ya kumwezesha kuitumia, na ulinzi wa afya yake. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji iliongeza nguvu hiyo. Nayo Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inagusa hata vipodozi. Basi sheria tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuingia dukani akageuza pakiti na kuisoma.

Rai yangu ni kwamba maafisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Mombasa wapite madukani na saluni kabla ya kila Idd na kabla ya misimu ya harusi, wakiwa na mafunzo kwanza na faini baadaye. Shirika la Viwango nalo likaze macho bandarini Kilindini, na chochote chenye PPD kisiuzwe kwa jina la hina. Na nyumbani, wale nyanya na masomo wanaojua kukoroga hina ikatoa wekundu wa kupendeza wawafunze wasichana ufundi huo.

Haraka haraka haina baraka. Mkono mwekundu utapauka wenyewe baada ya wiki mbili tatu, lakini kovu la piko huenda likabaki hadi bi harusi awe nyanya.