Kisangani: Mashini za musaada zinafika hopitali, lakini ngapi zinafanya kazi?

Picha ni ile ile kila mara. Kontena inafunguliwa, ekografi ao mashini ya radiografi iliyotumika Ulaya inashushwa, mukubwa mumoja anatoa hotuba, watu wanapiga makofi. Lakini kisha miezi sita, nani anarudi kuuliza kama ile mashini imepima mugonjwa hata mumoja?

Kwa Tshopo swali hili si dogo. Mama mwenye mimba wa Lubunga anapashwa kuvuka mto Kongo kwa mutumbwi ili apate ekografi ngambo ya Makiso. Mugonjwa wa Opala ao Yahuma, safari yake ni ya siku nyingi. Fasi hakuna vipimo, muganga anatibu kwa kubahatisha: homa ni malaria, na kama si malaria, basi ni tifoide. Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kusema musaada hauhitajiki. Shida ni namna unavyokuja.

Hesabu inayoshangaza

Mwaka 2011, watafiti wa chuo kikuu cha Duke, kule Marekani, walichapisha hesabu ya vyombo vya hopitali zaidi ya 112,000 katika inchi 16 zenye uwezo mudogo. Karibu 40 kwa 100 vilikuwa vimelala. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, nalo liliandika kwamba katika inchi fulani, kati ya vyombo 100 vinavyotolewa zawadi, 10 hadi 30 tu ndivyo vinaanza kazi kweli. Vingine vinabaki kwenye depo, ao chini ya veranda vikifunikwa na bashi.

Sababu zinajulikana. Ya kwanza ni umeme. Mashini iliyotengenezwa kwa Marekani inatumia volti 110 hadi 120; hapa kwetu ni 220. Mutu akiichomeka bila kibadilishi, inaungua siku ile ile. Na hata ile ya Ulaya inakutana na kura yetu: kituo cha umeme cha mto Tshopo kilijengwa wakati wa Wabelgiji, kina mashini tatu, na mara nyingi si zote zinazunguka. Kura inakatika, inarudi kwa nguvu, inapiga kadi za elektroniki. Kuwasha jeneratere, mazutu inalipwa na nani?

Ya pili ni reyaktifu. Mashini nyingi za kupima damu zinakubali tu reyaktifu za kampuni iliyozitengeneza. Kama kampuni imeacha kutengeneza ile aina, ao hakuna anayeziuza Kisangani, mashini inakuwa kabati. Ya tatu ni piesi na fundi. Kwa ekografi, sonda ikipasuka, kazi imesimama. Na mara ingine kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kijerumani, hakuna wa kukisoma.

Bure yenye bei

Kuna jambo ambalo hotuba hazisemi: zawadi ina bei. Kontena ikishuka Matadi, inapita duane na ofisi ya ukaguzi. Musamaha wa kodi unaombwa Kinshasa, na karatasi zikichelewa, gharama za bandari zinapanda. Kisha kuna barabara mpaka Kinshasa, halafu kilometa zaidi ya 1,700 za mto kwa mashua, kwa joto na unyevu. Ikipitia Mombasa na Uganda, kuna matope ya barabara na usalama wa Ituri.

Tena, hopitali nyingi zetu zinaishi kwa feza za wagonjwa. Matengenezo yakitoka kwa kasha ya hopitali, bei ya kipimo inapanda. Mashini ikikufa, mugonjwa anatumwa kwa laboratware ya mutu binafsi. Kwa mwisho, yule aliyepigiwa makofi ndiye anayelipa.

Somo la Yakusu

Si mbali na hapa, Yakusu, muganga Muingereza Clement Chesterman alianza kazi mwaka 1920 wakati ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji. Chombo chake kikubwa cha kupima kilikuwa mikroskopi. Ilileta faida sababu alifundisha vijana wa hapa kutafuta vijidudu kwa damu, na akawatuma vijijini. Mikroskopi bila wale vijana ingekuwa chuma tu. Tangu wakati ule vyombo vimebadilika sana, lakini kanuni hiyo haijabadilika.

Hopitali ina haki ya kukataa

Mwaka 2000, OMS ilitoa mwongozo wenye mawazo manne: zawadi imufalie anayepokea, iheshimu matakwa yake, chombo ambacho hakikubaliwi kwa mutoaji kisitumwe kwa mwingine, na pande zote mbili ziongee mbele ya kutuma. Kwa hiyo hopitali inaweza kusema hapana, bila kuonekana haina shukrani.

Ndugu zetu walio Ubelgiji na Ufaransa, wanaokusanya vyombo kwa moyo muzuri, wanaweza kuanza na simu moja kwa hopitali: munahitaji nini? Kisha maswali yafuate. Chombo kina miaka mingapi, na kampuni ingali inauza piesi zake? Reyaktifu zinapatikana wapi, kwa bei gani? Kinakula umeme wa namna gani, na kuna stabilizatere? Nani atafundisha watumishi na fundi? Feza za matengenezo ya miaka miwili ya kwanza zinatoka wapi? Mikroskopi moja mupya yenye taa ya betri inaweza kuokoa watu wengi kuliko skana kubwa isiyowaka.

Divisheni ya afya ya jimbo nayo ingeweza kutangaza, hopitali kwa hopitali, vyombo vilivyopokelewa na vile vinavyofanya kazi leo. Raia wa Mangobo, Kabondo na Lubunga wako na haki ya kujua. Siku kontena ingine itafunguliwa, kabla ya kupiga makofi, mutu mumoja ainue mukono aulize: ikiharibika, nani ataitengeneza?