Wanafunzi wa Cyanzarwe na Waandike Gazeti Lao

Mwaka 1888, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea kule Kiungani, Unguja, wanafunzi walianza kuandika na kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Baadhi ya vijana wa chuo kile walikuwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, kila mmoja na kabila lake, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Waliohitimu walipopelekwa kufundisha Magila, Masasi na Nyasa, walileta habari za vituo vyao, nazo zikachapwa. Tazameni faida yake. Balozi aliandika taarifa kwa serikali yake, mmisionari akawaandikia wafadhili wa kwao; lakini maisha ya bweni, ya darasa na ya mwalimu kijana aliye peke yake bara tunayasoma kwa maneno ya waliokuwamo, kwa sababu shule ilikuwa na gazeti. Shule ya serikali ya Tanga nayo ilitoa gazeti la Kiongozi tangu 1904 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima mwaka 1916. Hapa kwetu Rwanda, wasomi waliopitia shule ya Groupe Scolaire ya Astrida (sasa Huye) walikuwa na jarida lao, Servir.

Sasa niulize: mwanafunzi wa Cyanzarwe, hapa wilayani Rubavu, ameacha maandishi gani? Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, matetemeko yakapasua nyumba Rubavu, na majirani wetu wa Goma, Kongo, wakavuka mpaka kwa maelfu. Wanahabari walikuja wakaandika, kisha wakaondoka. Aliyelala nje na wadogo zake, akaamka akitazama ufa ukutani, hakuwa na ukurasa wa kuandikia.

Wako watakaosema simu zinatosha. Simu hupotea, hufutwa, huuzwa, na yote yaliyomo huenda nayo. Wengine watataja gharama, kana kwamba naomba kiwanda cha uchapaji. Naomba karatasi chache kila muhula na mashine ya fotokopi. Hoja nzito ni ya wale wanaosema gazeti la shule husema anayoyataka mkuu wa shule. Ni kweli kwamba Msimulizi lilikuwa chini ya wamisionari, na Kiongozi chini ya serikali ya Wajerumani, na hatuna budi kuyasoma tukilijua hilo. Lakini dawa ya kusimamiwa kupita kiasi ni kuwaachia wanafunzi kamati yao ya uhariri, mwalimu abaki kusahihisha lugha. Ama Kiswahili, kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017, na sokoni Gisenyi hakihitaji sheria. Basi kikae pamoja na Kinyarwanda katika ukurasa mmoja.

Walimu, msingoje mfadhili. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kumuuliza bibi yake bei ya viazi ilivyokuwa zamani, mwingine aandike matokeo ya mpira, mwingine awaandikie waliomaliza shule na kwenda Kigali au Goma. Nakala mbili za kila toleo zifungiwe kabatini shuleni, na ya tatu ipelekwe maktaba ya umma Kigali.