Kilomita ya mwisho isiachiwe makampuni peke yao

Makampuni ya simu yanapoamua kutufikishia intaneti kwa njia gani, swali lao la kwanza huwa ni hili: ardhini kuna nini tayari? Huko Ulaya na Marekani, makampuni ya simu yalikuwa na nyaya za shaba hadi majumbani, yakazitumia. Yale ya televisheni yalikuwa na kebo zao, nayo yakazitumia. Nani achimbe mtaro mpya wakati wa zamani bado unaingiza fedha?

Rwanda hatukuwa na urithi huo. Simu za waya zilikuwa chache mno. Ndiyo maana Serikali ililaza mkongo wa taifa, zaidi ya kilomita 2,300, ukakamilika mwaka 2011 na kufika wilaya zote 30. Mwaka 2013 ikaingia ubia na KT ya Korea Kusini, na mwaka uliofuata 4G ikazinduliwa, kampuni moja tu ikiiuza kwa jumla. Minara ilienea haraka, lakini ushindani haukuwapo hadi sera ya mwaka 2022 ilipofungua mlango. MTN ikawasha 4G yake mwaka 2023.

Hapa Rubavu, benki au mwenye hoteli ufukweni mwa Kivu anaweza kulipia faiba hadi mlangoni. Shule ya kilimani huachiwa mnara. Kwa kampuni hesabu ni sahihi: mtaro kwa mteja mmoja, ama mnara kwa maelfu. Lakini mawimbi ya mnara hugawanywa. Wanafunzi 40 wakifungua kompyuta kwa pamoja, kila mmoja hubaki na tone. Na kilima kikikaa kati, hata tone hilo halifiki. Walimu wanaofundisha kompyuta kwa ubao na chaki wanatuelewa.

Hatusemi minara ing'olewe. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yaliipasua ardhi ya Gisenyi, na waya uliofukiwa nao hukatika. Tunachoomba ni RURA, inapotoa leseni, iweke sharti la shule na vituo vya afya kwanza. Aidha, barabara inapochimbwa, bomba la nyaya liwekwe humo humo, makampuni yote yalitumie kwa kugawana gharama. Kilicho ghali ni mtaro, wala si waya wenyewe. Lami ikishakauka, kufukua upya ni kulipa mara mbili, na shule ndiyo itakayoambiwa isubiri.