Mwalimu wa Nyumbani, Dada wa Kazi na Swali la Mshahara

Kwa miaka kumi na moja nimefundisha riwaya ya Jane Eyre, na karibu kila mwaka mjadala wa darasani huishia pale pale: je, Jane alifanya vyema kumrudia Rochester? Wasichana hugawanyika, wavulana hucheka, kipindi kinakwisha. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Tanga. Jioni moja umeme ulikatika, nami nikatoka kupunga upepo barazani. Ndani, kwa mwanga wa simu, dada wa kazi alikuwa akimweleza binti yangu hesabu za sehemu. Alikata chungwa, akaeleza, akauliza, akasubiri jibu. Alieleza vizuri kuliko mwalimu tunayemlipia ada. Dada huyo anatoka milima ya Lushoto na amemaliza kidato cha nne. Somo lilipokwisha, sisi tulikaa mezani kula, naye akachukua sahani yake akaenda jikoni.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijapata kuwauliza wanafunzi wangu swali lililo rahisi kuliko lile la Rochester: Jane alikuwa akilipwa kiasi gani?

Jibu limo riwayani. Alilipwa pauni 30 kwa mwaka, mara mbili ya alichopata alipofundisha shule ya Lowood. Charlotte Brontë aliijua kazi hiyo kwa kuifanya. Mwaka 1841 aliajiriwa na familia moja kwa pauni 20 kwa mwaka, na baada ya kukatwa gharama za ufuaji alibakiwa na kama 16. Mdogo wake, Anne, aliifanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi, na riwaya yake, Agnes Grey, ilitoka mwaka ule ule wa 1847 uliotoka Jane Eyre. Kwa maoni yangu Agnes Grey ni riwaya ndogo kwa sanaa lakini ni shahidi mkweli zaidi, kwa kuwa haina kasri lenye siri darini. Ina watoto watundu tu, na wazazi wasiomruhusu mwalimu kuwakanya.

Sensa ya Uingereza ya mwaka 1851 ilihesabu zaidi ya wanawake 20,000 wa kazi hiyo. Wengi walikuwa mabinti wa makasisi, maofisa na wafanyabiashara waliofilisika: wana elimu na adabu ya tabaka la juu, lakini hawana mali. Mwanamke wa namna hiyo aliishi katika nyumba ya tajiri akiwafundisha watoto Kifaransa, piano na maandiko. Watumishi hawakumtaka mezani kwao kwa sababu alikuwa bibi mkubwa. Wenye nyumba hawakumtaka kwao kwa sababu alikuwa mwajiriwa. Mwezi Desemba 1848 mhakiki Elizabeth Rigby alizihakiki pamoja, katika makala moja, Jane Eyre, Vanity Fair ya Thackeray, na ripoti ya taasisi ya kuwasaidia walimu hao. Aliyaona mateso yao na akayaonea huruma. Hata hivyo akashikilia kwamba umbali kati ya mwalimu na familia hauna budi kubaki. Huruma bila haki si jambo geni kwetu.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini watu wa pwani. Yanatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Thackeray, aliyemuumba Becky Sharp, mwalimu wa nyumbani mjanja kuliko wote katika riwaya za Kiingereza, alikuwa na ndugu wa ukoo aliyeitwa Caroline Thackeray. Bibi huyo aliiongoza shule ya wasichana ya misheni ya UMCA huko Mbweni, Unguja, kuanzia mwaka 1877 hadi 1902. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wasichana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Waliofaulu vitabu walifundishwa ualimu, na baadhi yao walivuka kuja bara, katika vituo kama Magila, huku kwetu Muheza. Wasioviweza walipelekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kushona, kupika. Uingereza ilimweka mwalimu wa nyumbani katikati ya sebule na jikoni. Mbweni ikachora mstari ule ule kati ya wasichana ambao jana yake tu walikuwa wamekaa katika jahazi moja.

Kwa muda mrefu wa ukoloni, kazi ya nyumbani ilikuwa ya wanaume. Boi na mpishi wa Mzungu walikuwa wanaume, na wazee wa Ngamiani wanalijua hilo. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa nyumbani Tanzania, ameeleza namna kazi hiyo ilivyohamia mikononi mwa wanawake. Ilipohama, jina nalo likabadilika. Mwingereza alimwita mwalimu wake "Miss", jina la heshima lililomweka mbali. Sisi tunamwita "dada", jina la undugu linalomleta karibu, na hapo ndipo penye mtego, maana dada halipwi. Dada husaidia. Akidai siku ya mapumziko tunaona amekosa utu, na akiondoka bila kuaga tunasimulia msibani kana kwamba tumeibiwa.

Sheria haina ukungu huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na apate likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini tazameni amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013. Mtumishi wa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alipangiwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Wa ofisa anayestahili huduma hiyo, 130,000. Wa nyumba nyingine asiyelala kwa mwajiri, 80,000. Na anayelala humo humo, 40,000. Viwango vimepandishwa tangu wakati huo, kwa amri ya mwaka 2022 na baadaye. Ninachohoji ni kipimo chenyewe. Mshahara ulipimwa kwa cheo cha mwenye nyumba. Hakuna mahali panapouliza mfanyakazi anafanya nini: anafua tu, anamuuguza mzee, au anafundisha hesabu za sehemu. Ndugu zangu mlioko wizarani, hili linarekebishika. Amri inayoweza kumtofautisha mwanadiplomasia na ofisa haiwezi kushindwa kumtofautisha mlezi na mwalimu.

Nami nisijifiche nyuma ya wizara. Dada yule alikuwa na mwaka wa pili kwetu, na hatukuwa na karatasi yoyote baina yetu. Mshahara tulikubaliana kwa simu na mjomba wake. Hiyo Jumapili ya mapumziko ilikuwa Jumapili pale tu tusipokuwa na wageni, na Tanga wageni hawaishi. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, niliyemhurumia Jane Eyre darasani kwa miaka kumi na moja.

Kabla ya kurudi kazini niliandika mkataba wa kurasa mbili, nikamwita tukae mezani. Aliusoma polepole hadi mwisho.

"Baba, hapa pameandikwa usafi, kupika na kulea mtoto," alisema. "Masomo ya jioni yamo kwenye kulea?"

Nilimwambia tutayaandika peke yake, pamoja na malipo yake. Akauliza ni kiasi gani kwa saa. Nilikuwa sijafikiria.